Maswali ya majirani kuhusu sahani yetu



Mutu akivuka mupaka, hakuna anayemuuliza kwanza habari ya diplome yake. Anaulizwa vitu vidogo vidogo. "Kwenu munakunywa nini asubuhi?" "Ni kweli munakula ile?" "Juu ya nini munafanya hivi?" Sisi pia tunauliza. Mwenzetu akirudi toka Dar es Salaam, Ndola ao Bruxelles, hatumuombi atueleze katiba ya inchi ile. Tunamuomba atuambie batu ba kule banakula nini, banaishi namna gani. Wasomi wengi wanaona maswali ya namna hii ni ya kupitisha wakati tu. Mimi nilisoma kilimo, na kazi inanipeleka mara mingi Kasumbalesa, na kwa miaka hii nimefika kuyaona tofauti. Swali la mugeni juu ya chakula chako ni swali la historia. Yeye anaona kitu ambacho wewe hukioni tena, juu umekizoea.

Shida iko kwenye jibu. Sisi wa Lubumbashi tukiulizwa, tunajibu haraka: "Ni desturi yetu, tangu bankambo." Jibu hilo linafunga mulango. Tena, kwa vitu vingi vya muji wetu, si kweli. Desturi ile iko na tarehe, iko na mutu aliyeileta, na iko na sababu zake. Leo ninachukua maswali matatu tunayoulizwa: la Mutanzania, la Mubelgiji na la Muzambia. La Muzambia njo linauma zaidi, basi ninaliweka mwisho.

NANI ALIULIZA, NANI ALIANDIKA

Kuuliza habari za wengine si jambo la leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mubelgiji Cyrille Van Overbergh alitengeneza fomu ndefu ya maswali juu ya maisha ya makabila ya Kongo: wanakula nini, wanajenga namna gani, wanaoa na kuzika namna gani. Majibu yalitoka kwa maofisa, wamisionere na wasafiri, na tangu 1907 yakaanza kuchapwa katika mufululizo wa vitabu, karibu kila kabila na kitabu chake. Habari za Baluba ziliandikwa na padri Colle, zikatoka mwaka 1913. Vitabu hivi vinatusaidia mpaka leo. Lakini tuangalie vizuri: aliyeuliza alikuwa Muzungu, aliyejibu mara nyingi alikuwa Muzungu mwingine, na mutu aliyekuwa anakula chakula kile hakupewa fasi ya kurudisha swali.

Hata hivyo, upande wetu pia kulikuwa macho. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mutu wa Komoro aliyekuwa mutumishi wa Mujerumani, alisafiri na bwana wake mpaka Urusi na Siberia. Kiisha akaeleza kwa Kiswahili mambo aliyoyaona. Habari yake ilichapwa Ujerumani mwaka 1901, katika kitabu cha Carl Velten kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Ni mutu wa lugha yetu akiwashangaa watu wa Ulaya, sawa vile wao walivyokuwa wanatushangaa. Ninamutaja ili tusifikiri kama sisi tulizaliwa kwa kuulizwa tu.

"MBONA HAMJATIA NAZI?"

Mutanzania akifika Lubumbashi, kitu cha kwanza anachosikia ni Kiswahili chetu. Atacheka kidogo, atauliza tulikitoa wapi. Kiisha atakaa ku meza, ataona sombe, atasema: "Kumbe ni kisamvu! Mbona hamjatia nazi?"

Ni swali zuri sana, juu ndani yake kuna safari tatu.

Ya kwanza ni safari ya muhogo. Muhogo si mumea wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo na Angola katika miaka ya 1500, na toka pale ukaingia ndani kwa njia za biashara, kijiji kwa kijiji. Wasafiri Wareno waliofika kwa mufalme Kazembe, karibu na Luapula, kati ya 1798 na 1832, waliukuta umeshakuwa chakula kikubwa cha watu wa kule. Basi muhogo ulifika karibu na sisi mbele ya Mubelgiji yeyote. Na si sisi peke yetu tunaokula majani yake. Kule kwao pia, jimbo la Pará inchini Brazili, kuna chakula kinaitwa maniçoba: ni majani ya muhogo yanayochemshwa siku mingi.

Siku hizo zote ni za nini? Majani ya muhogo yako na sumu, ile ya jamii ya sianidi. Mama anayetwanga sombe katika kinu anafanya kazi ambayo sisi tulifundishwa na mikroskopi: kutwanga kunavunja jani ili sumu ijifungue, na moto unaifukuza. Kinachobaki si chakula cha umaskini kama wengine wanavyofikiri. Muzizi wa muhogo hauna protini ya maana, lakini katika gramu 100 za majani makavu unapata protini gramu 20 mpaka 30 hivi. Mutu wa zamani hakuwa na labo, lakini alijua kama muzizi unajaza tumbo na jani linajenga mwili.

Safari ya pili ni ya mafuta. Munazi ni muti wa pwani, haukufika kwetu. Lakini hata muti wa mawese si wa kwetu. Unapenda joto na mvua karibu mwaka muzima. Lubumbashi iko juu, metre 1,200 na zaidi, mvua inaanza mwezi wa 11 na inakatika mwezi wa 4, na mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi munajua wenyewe baridi yake. Mafuta mekundu yanayopendeza sombe yetu yanatoka mbali, upande wa kaskazini. Tumekula na mawese mpaka tumesahau kama ni mugeni.

Safari ya tatu ni ya lugha yenyewe. Msiri, aliyejenga ufalme wa Garenganze na muji wake Bunkeya, alitoka Unyamwezi, inchi ambayo leo ni Tanzania. Alifanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa, upande wa pwani ya mashariki na upande wa Angola. Njia za misafara yake zilileta Kiswahili. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891 aliuawa na watu wa kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa faida ya mufalme Leopold. Bunkeya ikavunjika, lakini lugha ikabaki. Muji ulipozaliwa miaka 20 hivi nyuma ya pale, wafanyakazi waliotoka pande zote walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikachukua fasi hiyo. Basi Mutanzania akiuliza tulikitoa wapi, jibu ni hili: kwa sehemu kilitoka kwenu, ku miguu.

"NI KWELI MUNAKULA MADUDU?"

Mubelgiji anauliza kwa adabu, lakini macho yake yanasema yote. Ndiyo, tunakula viwavi vya pori la miombo, wakati wa mvua. Vikikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Profesa mumoja wa kwao, François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya vyakula vya pori hili, Se nourrir en forêt claire africaine, kilichotoka mwaka 1997. Anayetaka ajue asome kile. Mimi ninaongeza neno moja tu: kiwavi anakula majani ya muti fulani. Tukikata muti ule kwa makala, tusishangae soko likikosa viwavi, ao vikianza kutoka mbali na bei yake ikipanda.

Kiisha ninamurudishia yake. Bruxelles kuna mboga inaitwa chicon. Wanachimba muzizi wake, wanaufungia katika giza, na majani yanaota meupe. Ninyi wenye jua kidogo vile, juu ya nini munanyima mumea hata lile kidogo? Jibu lao ni la kilimo kabisa: jani likikosa mwanga, uchungu unapunguka. Kumbe wao wanatoa uchungu kwa giza, sisi tunatoa sumu kwa kinu. Na zile frites zao wanazojivunia, kiazi chake kilitoka milima ya Andes, bara lilelile lililotupa muhogo. Sahani zetu mbili ziko na ujamaa, hata kama wenye kuzila hawajui.

"JUU YA NINI MUNANUNUA UNGA KWETU?"

Sasa tufike Kasumbalesa. Kule watu wa pande mbili wanaongea Kibemba, wanaoana, wanazikana. Bukari ya kwetu na ubwali wa kwao ni neno moja lililovuka mupaka. Njo maana swali la Muzambia halina mapambo. Muuza unga mumoja aliniambia hivi: "Mvua yenu ni sawa na yetu. Udongo wenu ni sawa na wetu. Inchi yenu inashinda yetu kwa ukubwa. Juu ya nini munanunua unga kwetu?"

Wengi wetu tunakasirika ao tunasema "ni serikali". Serikali iko na sehemu yake, lakini swali hili liko na miaka zaidi ya 100, linazidi umri wa serikali zote tulizopata tangu 1960.

Mbele ya machimbo ya Wazungu, watu wa pande hizi walilima zaidi mutama (kwa Kibemba amasaka), ulezi na, upande wa Luapula, muhogo. Mahindi yalijulikana, lakini hayakuwa bwana wa sahani. Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Mwaka 1910 treni ikafika Élisabethville, ikitoka kusini, kupitia Rhodesia. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Kompanyi ikahitaji maelfu ya wanaume katika inchi isiyo na watu wengi, na wanaume wale walipaswa kula kila siku. Treni iliyoleta makaa ya mawe toka Wankie ikaleta pia unga. Tena wafanyakazi wengi wa miaka ile waliandikwa Rhodesia ya Kaskazini, inchi ambayo leo inaitwa Zambia.

Sasa swali la agronomu: juu ya nini mahindi, si muhogo wala mutama? Fikirini kama mutu wa magasin. Muhogo ukichimbwa, nyuma ya siku mbili ao tatu unaanza kuharibika. Mutama ulikuwa katika gala ndogo za vijiji, hakuna mutu wa kukuuzia tani mingi kwa mara moja. Unga wa mahindi unaingia katika gunia, unapimwa kwa kilo, unasafiri na treni, unagawanywa kwa kopo. Ni chakula cha mutu anayehesabu. Kila juma mufanyakazi alipokea sehemu yake, na sehemu ile ikaitwa poso. Wanaojua Lingala wanajua kama mposo maana yake ni juma. Lugha yenyewe ilipima siku kwa ration ya kompanyi.

Hata rangi nyeupe ya unga wetu iko na historia. Mugeni wa Ulaya anauliza juu ya nini tunakataa mahindi ya manjano, na sisi tunajibu "ile ni ya kuku". Lakini ni wakulima Wazungu wa Rhodesia waliochagua mbegu nyeupe, kama Hickory King iliyotoka Marekani, juu mahindi meupe yalikuwa na soko Uingereza kwa viwanda vya wanga. Machimbo yakanunua kile kilicholimwa. Watoto wakakua na weupe ule, wakaufanya alama ya unga safi. Manjano, yenye vitu ambavyo mwili unageuza kuwa vitamini A, ikaonekana chakula cha nyama wa kufuga. Wazambia wameanza kurekebisha: mwaka 2012 walitoa mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya vitamini hiyo.

Wabelgiji walijaribu kuukata utegemezi huu. Karibu na 1911, Edmond Leplae, mukubwa wa kilimo wa koloni, alileta wakulima Wabelgiji karibu na Élisabethville, wengi walishindwa. Kiisha mwaka 1917 sheria ikalazimisha vijiji vya Kongo kulima mazao yaliyochaguliwa na administration. Bei haikuwekwa na mwenye shamba, na aliyekataa aliona fimbo ao prison. Hapa njo ninaona jeraha letu. Katika muji uleule, mishahara ilikuwa upande wa shaba na azabu ilikuwa upande wa jembe. Tangu miaka ya mwisho ya 1920, kompanyi ikakubali mufanyakazi aishi na mke na watoto katika kambi, na poso ikahesabiwa kwa familia. Mutoto aliyezaliwa kule alijua kama unga unatoka magasin. Gécamines ilipochukua kazi kutoka kwa Union Minière mwaka 1967, gunia la unga liliendelea kutoka. Liliendelea mpaka miaka ya 1990, kompanyi ilipoanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na pesa ya kuagana. Hapo watu wakaanza kulima kila kiwanja kilichokuwa wazi, hata pembeni ya barabara, bila kufundishwa na mutu.

Jibu kwa Muzambia, basi, ni hili: muji wetu haukuzaliwa na mashamba yake. Ulizaliwa na treni, na kwa miaka 80 unga ulikuwa kazi ya kompanyi, haukuwa kazi ya mulimaji.

Lakini jibu liko na mukia, na mukia uko upande wake. Yale mashamba makubwa ya Zambia yaliyo pembeni ya reli, pamoja na mashamba ya Watonga wa kusini, yalipata soko lao la kwanza kubwa kwa kulisha machimbo, na ya Katanga yalikuwa mbele. Njaa ya wafanyakazi wetu ilisaidia kujenga kilimo chao. Nilipomuambia hivyo, alinyamaza kidogo, kiisha akasema: "Basi tuko na deni." Tulicheka. Kwa kweli hakuna deni. Kuna mupaka uliochorwa katikati ya watu wanaokula chakula kimoja, upande mumoja ukapata jembe na upande mwingine ukapata magasin.

KINACHOTUGUSA LEO

Mwezi wa 2 mwaka 2024 Zambia ilitangaza balaa la kitaifa kwa sababu ya ukame. Lubumbashi tulisikia habari ile kwa bei ya unga, mbele ya kuisoma popote. Jirani akikosa mvua, mutoto wa Katuba analala na njaa. Hiyo si desturi ya bankambo, ni matokeo ya maamuzi ya watu, na maamuzi yanaweza kubadilishwa.

Hata dawa tulizojaribu zinaonyesha muzizi wa ugonjwa. Katika miaka ya mwisho ya 2000, gavana wa Katanga aliamuru kila kompanyi ya machimbo ilime hektari 500 za mahindi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini tazameni wazo lililo ndani: tena tunaiomba kompanyi itulishe. Mulimaji wa Kasenga ao wa Bunkeya, anayekosa mbegu kwa wakati na barabara ya kupitisha gunia lake, hakuulizwa kitu.

Na sisi wenye lisansi? Katika promosyo yangu ya kilimo, wengi wanatafuta kazi ku machimbo, hata ya kuhesabu makamyo. Siwalaumu, mushahara uko kule. Lakini nimeelewa kama kuogopa jembe si tabia ya asili ya mutu wa muji. Kulianza mwaka 1917 na mbele kidogo, na mutu aliyejua kitu kilianza wapi hawezi kuambiwa kama hakina mwisho. Udongo wetu ni wa asidi, unahitaji chokaa na mboji. Mutama unavumilia ukame kuliko mahindi. Bukari iliyochanganywa na muhogo, vile familia nyingi zinafanya, inapunguza kiasi cha unga kinachonunuliwa kusini. Haya yote tuliyafanya mitihani, tukapata pointi.

Ninawaomba kitu kimoja kidogo. Mugeni akikuuliza juu ya nini munakula hivi, usimujibu palepale. Nenda kwanza kwa nkambo wako, umuulize: wewe ulipokuwa mutoto, mulikuwa munakula nini? Unga ulitoka wapi? Nani alilima? Andika majibu yake, na tarehe kama anazikumbuka. Van Overbergh aliuliza wengine juu yetu. Wazee wetu bado wako na majibu yao wenyewe, na kila mwaka tunazika sehemu ya majibu hayo.

Mimi nilianza na wangu. Aliniambia kama mama yake alikuwa anapika bukari ya mutama, nyekundu, na siku walipoleta kambini ile nyeupe ya gunia, watoto waliikataa kwa sababu haikuwa na harufu.